Mguu Usio na Uso: Juu ya Michezo ya Bustanini Inayosimulia Kilimo cha Wakati wa Vita



Katika inchi ya Uingereza kuna desturi moja nzuri. Wakati wa kiangazi chao, jua linapokawia kutua, watu wa mtaa mmoja au wa kijiji kimoja hukusanyika katika bustani ya watu wote, wakaigiza mchezo wa historia yao wenyewe. Wachezaji si watu wa teatri kwa kazi. Ni mwalimu, ni muuza duka, ni mama wa nyumbani, ni mzee aliyepumzika kazini, ni watoto wa shule. Hakuna pazia. Watazamaji huketi majanini, au husimama na kuwafuata wachezaji toka mti huu mpaka mti ule. Na katika mambo ya kale yanayoigizwa hivyo, limo hili: namna wazee wao walivyong'oa maua na kupanda mboga wakati wa vita vya pili vya dunia, tangu mwaka 1939 mpaka 1945.

Labda msomaji atauliza: «Kabichi za Waingereza zatuhusu nini sisi watu wa Kongo?» Zatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza: sisi nasi twaigiza uani. Parokia gani isiyocheza Noeli, au Mateso ya Bwana katika Juma Kuu? Yafaa tujue mchezo wa nje wapendeza kwa nini, na wadanganya kwa njia gani. Ya pili: vita vile vilifika hata kwetu, na wazee wetu nao walilima kwa ajili yake. Kwa hiyo tuna haki ya kuitazama michezo hiyo na kuihukumu, si kama wageni kabisa.

JAMBO LENYEWE LILIVYOKUWA

Kabla ya kuhukumu mchezo, sharti tujue jambo linalochezwa.

Waingereza ni watu wa kisiwani. Kabla ya vita, sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka ng'ambo kwa meli: ngano, nyama, siagi, sukari, matunda. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, meli za Ujerumani zinazokwenda chini ya maji zilianza kuzizamisha meli za chakula. Na inchi isiyojilisha yaweza kushindwa pasipo adui kukanyaga udongo wake. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Wizara ya Kilimo iliwaita watu wote, hata wa mijini, washike jembe. Neno la mwito lilikuwa fupi: Limeni mpate ushindi. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ilianza kupima posho ya kila mtu: kwanza nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na sukari, halafu vyakula vingine vikafuata. Viazi na mboga havikupimwa. Mwenye kishamba aliweza kujaza chungu. Asiye nacho alipanga mstari mbele ya duka.

Basi watu wakalima mahali pote. Handaki la kale linalozunguka ngome ya Tower of London likawa shamba la mboga. Katika Hyde Park, bustani kubwa ya London ambako watu walikwenda kutembea na kupunga hewa, wakapanda mboga na kufuga nguruwe. Katika Bethnal Green, mtaa wa maskini uliopigwa sana na mabomu, watu waliondoa matofali ya nyumba zilizoanguka wakapanda chakula mahali pake. Vishamba vya kukodi, ambavyo kabla ya vita vilikuwa zaidi ya 800,000, vikakaribia 1,400,000. Kila Jumapili mtu mmoja, jina lake C. H. Middleton, alisema katika redio juu ya mbegu, samadi na wadudu, kwa sauti ya jirani anayezungumza juu ya ua, na watu wengi sana walimsikiliza.

Tena yalibandikwa matangazo ukutani. Moja lilipata sifa kuliko yote. Ni picha ya mguu mmoja wenye kiatu kizito, ukikanyaga jembe liingie udongoni. Hivyo tu. Uso wa mwenye mguu haumo. Kwa tangazo, hilo ni akili: kila mtu aonapo mguu ule adhani ni wake. Lakini kwa historia ni upungufu. Mguu hausemi umechoka, hausemi umetumwa na nani, wala hausemi viazi vile vililiwa na nani. Nami naona kazi yote ya mchezo wa bustanini juu ya habari hii ni moja tu: kuupa mguu ule uso. Mchezo ukifanya hivyo, ni mzuri. Ukirudia tangazo kwa nyimbo na mavazi, umekuwa tangazo la pili, tena la vita vilivyokwisha.

UZURI WAKE

Tuanze na sifa, maana zipo, wala si ndogo.

Katika ukumbi, fundi hutengeneza mti wa karatasi, nasi twakubali kuuita mti. Bustanini mti ni mti. Udongo unaosimuliwa ndio ule ulio chini ya viatu vya watazamaji. Mama akisema, «Hapa palikuwa na waridi, nikapanda vitunguu», mtoto hutazama chini. Mahali penyewe pamekuwa shahidi, na shahidi wa namna hiyo hanunuliwi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Michezo katika bustani hizo haikuanza baada ya vita, ilikuwako vitani. Mwaka 1942 serikali iliwaomba watu wapumzike kwao, wasisafiri kwenda pwani, ili treni zibaki kwa askari na mizigo ya vita. Wakuu wa miji wakapanga ngoma, nyimbo na teatri katika bustani za watu wote. Katika Regent's Park, London, ambako tangu 1932 kuna teatri isiyo na paa, bwana Robert Atkins aliendelea kuonyesha michezo ya Shakespeare wakati wa vita. Hata vyuma vilivyozunguka bustani nyingi vilikatwa na kupelekwa kuyeyushwa, na bustani zilizokuwa zikifungwa usiku zikabaki wazi. Kwa hiyo watu wa leo wakicheza mahali pale, hawaleti kitu kigeni. Wanarudisha sauti mahali ilipokuwa.

Uzuri wa tatu ni wa kazi yenyewe. Nje, sauti hupotea. Ndege hulia, mbwa hupita, upepo huchukua neno kabla halijafika. Mchezaji hawezi kutegemea maneno matamu. Sharti mwili wake useme. Na kulima ni kazi inayosema kwa mwili. Mchezaji anayechimba kweli, mpaka pumzi zikampanda, hawezi kutoa hotuba ndefu. Husema maneno matatu, akapumzika, akasema mawili. Hapo twamsadiki. Lakini mara nyingine twaona mchezaji amesimama wima, ameshika jembe jipya linalong'aa, kama askofu ashikavyo fimbo yake, akatusimulia ushindi kwa robo ya saa. Huyo hajalima. Mtu yeyote wa kwetu atamjua mara moja kwa viganja vyake.

KOSA LA KUFANYA NJAA SIKUKUU

Sasa tuyaseme makosa.

Kosa kubwa la michezo ya namna hii ni kuifanya njaa kuwa sikukuu. Wasichana wamefunga vitambaa vya rangi vichwani, baba amevaa kofia ya chuma, king'ora kinalia, wote wanacheka juu ya mayai ya unga, wanaimba, na mwishoni kuna keki. Watazamaji hurudi nyumbani wakisema, «Kweli, zamani watu walipendana». Sikatai kwamba walipendana. Lakini mtu aliyefanya kazi kiwandani mchana kutwa, akalima jioni, akalala katika shimo kwa hofu ya mabomu, hakuwa katika sikukuu. Tena taabu haikuisha siku ya ushindi. Mkate, ambao haukupimwa wakati wote wa vita, ulipimwa tangu 1946 mpaka 1948, amani ilipokuwa imekwisha kufika! Na posho ya mwisho, ya nyama, iliondolewa mwezi wa Julai 1954. Mchezo unaokoma na bendera za mwaka 1945 umekata hadithi kabla ya miaka tisa ya mwisho.

Nitoe mfano mmoja wa kichekesho kinachodhuru. Katika vita vile serikali ya Uingereza iliacha habari ienee kwamba marubani wake waliwaona adui usiku kwa sababu walikula karoti nyingi. Rubani John Cunningham, aliyeangusha ndege nyingi za usiku, alitajwa sana kwa ajili hiyo. Watu wakapanda karoti, wakala karoti, wakangojea kuona gizani. Kumbe ndege zile zilikuwa na rada, chombo kinachogundua kitu cha mbali pasipo macho, na chombo hicho kilikuwa siri. Hadithi ya karoti ni tamu, na mchezo wowote juu ya bustani za vita hushawishika kuitia. Yafaa itiwe. Lakini itiwe yote, na rada yake! Mchezo ukisimulia karoti kwa kuchekesha tu, unaendelea kuisaidia serikali kudanganya, zaidi ya miaka 80 baada ya hitaji la siri kwisha. Ukiisimulia yote, unamwachia mtazamaji swali la kwenda nalo nyumbani: raia mwema, anayetii na kulima, aambiwe uwongo kwa faida ya inchi? Swali hilo lina uzito kuliko nyimbo kumi.

MWANDISHI ALIYEONA MAPEMA

Kuna kitabu kimoja kinachosaidia kuelewa jambo hili. Ni hadithi ya Virginia Woolf iitwayo Between the Acts, iliyotoka mwaka 1941, baada ya kifo chake. Inasimulia siku moja ya Juni 1939, miezi michache kabla ya vita. Watu wa kijiji wanaigiza historia ya Uingereza katika bustani ya nyumba kubwa, ili wapate fedha za kutia taa za umeme kanisani. Nadhani wasomaji wa gazeti hili hawatahitaji kufafanuliwa shughuli za namna hiyo.

Mwandishi anajua mambo ya mchezo wa nje. Maneno ya wachezaji yanachukuliwa na upepo. Ng'ombe wanaanza kulia, na kilio chao kinaziba pengo. Mvua inanyesha ghafula. Halafu, katika sehemu ya mwisho, ambayo yasemwa kuwa ni ya «sisi wenyewe, leo», wachezaji wanatoka na vioo, vikubwa na vidogo, wanavielekeza kwa watazamaji. Watu wamekuja kuona wafalme na malkia. Wanajiona wenyewe, nao hawapendi. Mwisho padri wa Kianglikana anasimama kueleza maana na kuomba mchango wa taa. Anapotamka neno moja, ndege za vita zinapita juu kwa mstari, na neno lake linakatwa katikati.

Ona jinsi mama huyu alivyokuwa mkali. Hakukiacha kijiji kijisifu. Bustani ilikuwa nzuri, nguo zilikuwa nzuri, lakini kioo na ndege vilileta ukweli wa saa ile. Ndicho kinachokosekana katika michezo mingi ya leo juu ya bustani za vita: kioo. Wazee wanaonyeshwa, sisi hatuonyeshwi. Mtazamaji hajiulizi, «Mimi nami ningelima? Jirani yangu mwenye njaa leo yuko wapi?» Mchezo wa kale usiogusa leo ni sanduku la nguo za marehemu. Ni vizuri kulifungua, lakini halitalisha mtu.

MASWALI MATATU

Ili tuhukumu kwa haki, nashauri tuupime kila mchezo wa namna hii kwa maswali matatu. Nani aliamuru? Nani alilima? Nani alikula?

Nani aliamuru? Mwito wa bustani za mijini ulikuwa kwa hiari, na serikali ilitumia redio, picha na mashindano. Lakini juu ya wenye mashamba makubwa kulikuwa na kamati za kilimo za vita, zilizoweza kumwambia mkulima alime nini, na hata kumwondoa shambani akikataa au akishindwa. Mchezo unaoonyesha hiari peke yake ni nusu ya habari.

Nani alilima? Hapa michezo imefanya vizuri kiasi, maana mara nyingi huwaonyesha wasichana wa Jeshi la Wanawake la Mashamba, lililoundwa upya mwezi wa Juni 1939. Mwaka 1943 walizidi 80,000. Walikamua maziwa, walivuna, walikata miti. Lakini mchezo hukoma wakati wanapoimba juu ya gari la majani makavu. Yaliyofuata husahauliwa. Mwezi wa Februari 1945 mkuu wao, Lady Denman, aliiacha kazi kwa kupinga serikali, kwa sababu wasichana wake walinyimwa malipo na msaada ambao wengine waliotumikia vita waliahidiwa. Jeshi lile lilivunjwa mwaka 1950. Beji ya shukrani ya serikali waliipata mwaka 2008, na wengi walikuwa wamekwisha kufa. Hebu fikiri mchezo unaoanza hapo: bibi mwenye miaka zaidi ya 80 anapokea beji kwa posta, anakwenda bustanini, anaketi. Mchezo wa namna hiyo hautahitaji king'ora. Tena mashambani walikuwako wafungwa wa vita, Waitalia kwa maelfu, waliolima udongo wa watu waliowashinda. Nao wana nyuso.

Nani alikula? Methali yasema: Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Swali hili la tatu ndilo michezo huliogopa zaidi, kwa maana linatoka nje ya ukuta wa bustani. Mwaka 1943, London ilipokuwa ikivuna kabichi za bustani zake, jimbo la Bengal huko India, lililokuwa chini ya utawala wa Waingereza, lilipatwa na njaa kuu. Wataalamu wahesabu kwamba walikufa watu milioni mbili mpaka tatu. Sababu zilikuwa nyingi: tufani, kupotea kwa mchele wa Burma uliotekwa na Wajapani, bei zilizopanda, na maamuzi ya wakuu waliotanguliza vita. Sisemi kwamba mtu wa Bethnal Green aliyepanda vitunguu ana hatia ya kifo cha mtu wa Bengal. Sivyo. Nasema kwamba mchezo unaoita mavuno yale «ushindi juu ya njaa» bila kuongeza neno unasema zaidi ya ukweli. Leo katika miji ya Uingereza wanakaa watu wengi ambao mababu wao walitoka Bengal, na Bethnal Green yenyewe ni mmoja wa mitaa yao mikubwa. Wao nao huketi katika bustani zile. Mchezo wa watu wote usiwaache nje wenzao walioketi ndani.

UPANDE WETU

Sasa tuje kwetu, maana maswali hayo matatu twayajua kwa mgongo.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji. Serikali yake ikaenda London, na Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Waingereza na wenzao. Tangu hapo inchi yetu iliombwa kila kitu: shaba, bati, mafuta ya mawese, pamba, mpira. Kulima kwa amri hakukuwa jambo jipya; sheria yake ilikuwako tangu 1917. Lakini mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuteka mashamba ya mpira ya Asia, siku za kazi ya lazima vijijini zilipandishwa toka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu wakarudishwa mwituni kutafuta mpira, kazi ambayo baba zao waliikumbuka kwa machozi. Agronomi alipita akipima mashamba, na asiyetimiza alitozwa faini, au alifungwa, au alipigwa fimbo.

Basi linganisheni. Kule, mtu wa mji aliitwa kwa picha na redio, na viazi alivyovuna aliviweka katika chungu chake. Huku, mtu wa kijiji aliitwa kwa kapita, na alichovuna kilipakiwa katika gari. Vita ni vile vile, jembe ni lile lile, lakini mguu uliolikanyaga haukuwa na hali moja. Sineni haya ili tuwachukie Waingereza wanaoigiza kabichi zao. Wana haki ya kuwakumbuka wazee wao, nao wameshika jembe kweli. Nasema ili tuone kwamba sisi hatuna hata tangazo la mguu. Hakuna picha mashuhuri ya mama wa Kongo aliyelima kwa vita vile. Waliokuwa watu wazima wakati ule wamekufa karibu wote. Waliokuwa watoto ni wazee sana. Wakiondoka nao, hatutabakiwa na mguu wala uso.

NAMNA YA KUTENGENEZA MCHEZO WA KWELI

Mtu asiseme kwamba kazi hii yawashinda watu wadogo. Mwaka 1978 katika mji mdogo wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, mama mmoja wa teatri, Ann Jellicoe, aliandika mchezo juu ya uasi wa mwaka 1685 uliopita katika mji ule, akawachezesha watu wa mji wenyewe. Toka hapo alieneza njia yake katika miji mingine. Misingi yake ni myepesi kueleza: mwandishi aijue kazi yake vizuri; wenyeji wachimbue historia ya mahali pao; anayetaka kucheza asikataliwe; na watazamaji wasitengwe na wachezaji, bali wasimame kati yao. Michezo mingi ya bustanini ya leo inadaiwa naye. Inapokuwa mibaya, mara nyingi ni kwa sababu wameshika nguo wakaacha uchunguzi.

Nasi tuna mfano wetu. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilicheza kwa Kiswahili miaka mingi, redioni na katika televisheni. Mwaka 1986 kilitengeneza mchezo kutokana na usemi kwamba utawala huliwa mzima, na mtaalamu Johannes Fabian aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Wachezaji wale hawakushika karatasi za maneno. Walikaa, wakabishana juu ya maana ya usemi ule, wakapanga sehemu za mchezo, halafu kila mmoja akasema kwa kinywa chake. Ndiyo sababu maneno yao yalikuwa na chumvi. Hapa twawazidi wengi wa Ulaya: sisi twajua kubishana kwanza na kucheza baadaye.

Kwa hiyo, wapenzi, kama parokia au shule yenu yataka kuigiza jambo la kale katika uwanja wa kanisa au bustani ya mji, fuateni mashauri haya machache.

Kwanza, mwendeeni mzee kabla ya kwenda kwa fundi wa nguo. Mwulizeni alilima nini, kwa amri ya nani, wapi, na mavuno yalikwenda wapi. Msimkatize akitaja jambo lisilopendeza.

Pili, chagueni mahali palipoona jambo lenyewe, kama papo. Shamba la zamani la misioni, au kiwanja ambako pamba ilipimwa, hupita jukwaa zuri la mbao.

Tatu, mchezaji alime kweli. Dakika tano za jembe zafundisha kuliko kurasa tano za maneno.

Nne, wekeni mlaji mchezoni. Pasipo mlaji, mkulima huonekana kama mtu aliyelima kwa kupenda jasho.

Tano, acheni nafasi ya kioo. Mwisho wa mchezo mtazamaji aulizwe neno moja juu ya leo: katika mtaa huu sasa, nani anaamuru, nani analima, nani anakula?

Kucheka kusikatazwe. Wazee wetu walicheka hata chini ya kapita, na Waingereza walicheka hata chini ya mabomu. Mchezo usio na kicheko nao ungewasingizia. Lakini kicheko kiwe chumvi, kisiwe chungu kizima. Mwenye nia ya kujaribu asingoje mwaka wa sherehe. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1942 wamepita miaka 80. Nendeni kwao mwezi huu.